Kinyonga Arudishwe Tawini Mwake

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Nadhani siku waliyonena hayo walikuwa wamekaa chini ya mti wakimtazama kinyonga.

Najua kuna watakaoguna wakisoma kichwa cha makala haya. "Ati kinyonga? Kwani huyu amekosa la kuandika?" La hasha! Sijakosa. Wenzangu wameandika juu ya nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa lugha yetu tukufu, nami nawapongeza. Lakini mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa. Kila asubuhi na kila jioni natembea kwa miguu kupita kando ya mashamba ya chai na kahawa, katika miteremko hii ya Mlima Kenya, na katika safari hiyo nimekutana na vinyonga wengi kuliko magari. Ninachokiandika nakijua.

Maoni yangu nayatoa mapema, asije mtu akanielewa visivyo. Mkono mpole peke yake hautoshi. Anayempenda mnyama sharti ajue kwanza kwao ni wapi, na akishajua, amwache huko huko. Huruma isiyouliza "kwao ni wapi?" inaweza kuleta hasara kubwa kuliko ukatili wenyewe. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia. Katika sehemu zetu hizi za mlimani kuna kinyonga mwenye pembe tatu. Dume ana pembe moja puani na mbili juu ya macho, mfano wa kifaru aliyepitiliza. Jike aghalabu hana pembe, au ana kidogo tu. Wataalamu humwita kinyonga wa Jackson. Jina hilo ni la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni hapa Afrika Mashariki na baadaye akawa Gavana wa Uganda. Aliyemwandika kinyonga huyu katika vitabu vya sayansi ni Boulenger, katika mwaka wa 1896. Kwa hakika babu zetu walikuwa wakimwona miaka mingi kabla ya hapo, ila hawakuwa na haja ya kumpa jina la mzungu.

Kinyonga huyu hatagi mayai kama vinyonga wengine wengi. Huzaa. Jike hubeba mimba kwa miezi, kisha akaweka watoto wake matawini mmoja mmoja, na wanaweza kufika thelathini au hata kupita. Kila jicho hutazama kivyake, moja mbele na jingine nyuma. Ulimi wake ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, naye huufyatua upesi hivi kwamba nzi hajui kilichompata. Vidole vyake vimegawanyika, viwili upande huu na vitatu upande ule, kama koleo, ndiyo maana hashikiki kumng'oa tawini. Rangi nayo haibadilishi ili kutudanganya, kama tunavyosema. Hubadilika kwa hasira, kwa hofu, kwa baridi na kwa jua. Asubuhi utamkuta mweusi mweusi kwa sababu anaota jua, na mwili mweusi hupata joto upesi. Basi tunapomwita mwanasiasa mwenye ndimi mbili "kinyonga", mimi huona tunamtukana kinyonga bure. Kinyonga huonyesha rangi ya moyo wake waziwazi. Ni wanasiasa wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Sasa, sisi wenyeji wake tunamtendeaje? Jamani, tuseme kweli. Akionekana barabarani, watoto huokota mawe. Wengine humtia tumbaku kinywani ili wacheke akigeuka mweusi na kufa. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba ana sumu. Tumeambiwa ati akikurukia kichwani hatoki mpaka radi ipige. Na katika fasihi simulizi tumesoma ile hadithi iliyoko katika jamii kadhaa za Kenya, kwamba Mungu alimtuma kinyonga awapashe watu habari kuwa hawatakufa. Naye akaenda kwa mwendo wake wa kusitasita, akafika akagugumiza maneno, na ndege akamtangulia kuwaambia watu kwamba watakufa. Ni hadithi tamu kwelikweli, nami sitaki ipotee. Lakini hadithi ni hadithi. Haikuandikwa iwe hati ya mashtaka. Kinyonga hana sumu yoyote, hana meno ya kumdhuru mtu, na wadudu anaowala ni wengi. Hatujamshukuru hata siku moja.

Hivyo ndivyo anavyoishi nyumbani kwao, akiogopwa na kupigwa. Ajabu ni kwamba kinyonga huyu huyu ana jamaa zake ng'ambo, na huko mambo ni kinyume kabisa.

Katikati ya Bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Hawaii, ambavyo ni jimbo la Marekani. Viko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara la Marekani lenyewe. Kutoka hapa kwetu ni karibu upande wa pili wa dunia. Katika mwaka wa 1972 mfanyabiashara mmoja wa kisiwa cha Oahu aliagiza vinyonga kutoka Kenya ili awauze kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Walikuwa wa pembe tatu, wa aina ya huku kwetu Mlima Kenya. Husimuliwa kwamba walipofika walikuwa wamekonda na kukaukiwa maji kwa ajili ya safari ndefu. Yule bwana akawaonea huruma. Akawaachilia bustanini kwake ili wapate umande, wale wadudu, warudishe nguvu.

Msomaji mwenzangu, tua kidogo hapo. Mtu huyu hakuwapiga mawe. Hakuwatia tumbaku. Aliwatendea vile ambavyo pengine mimi na wewe tungewatendea. Wanyama walikuwa taabani, naye akawafungulia mlango.

Nao wakaenda. Milima ya Hawaii ina mvua na ubaridi wa wastani, kama ya kwetu. Chakula ni tele. Adui ni wachache. Vinyonga wakazaana, na kwa kuwa watu waliwapenda wakawachukua na kuwahamisha, wakaenea katika visiwa vingine, kama vile Maui na kile kisiwa kikubwa kinachoitwa Hawaii. Leo mtu wa huko anaweza kwenda kupogoa ua wa nyumba yake akamkuta mzaliwa wa Mlima Kenya ametulia tawini, pembe zake tatu mbele, macho yake yakizunguka. Wengi hawamwogopi. Watoto hunyoosha mkono naye akapanda taratibu, kidole kwa kidole, mpaka begani. Wanamwona mpole, mzuri, kama zawadi iliyoshuka kutoka mtini.

Nilipofahamu habari hizi mara ya kwanza, katika kipindi cha Biolojia, nilijawa na fahari. Nilifikiri: kumbe mwenzetu anaheshimiwa ugenini kuliko nyumbani! Darasa zima lilicheka. Lakini mwalimu wetu alituambia tungoje tusikie habari za konokono. Tukangoja, na kicheko kikaisha.

Hawaii haina mtambaazi hata mmoja wa asili anayeishi nchi kavu. Hakukuwa na nyoka, mjusi wala kinyonga. Kwa miaka mingi isiyohesabika viumbe wadogo wa misitu yake waliishi bila kujua kwamba kuna ulimi unaofyatuliwa. Miongoni mwao ni konokono wa mitini wa kisiwa cha Oahu, wa jamii iitwayo Achatinella. Ni wadogo, na makombe yao yana mistari na rangi za kupendeza kama shanga. Hawali majani. Hulamba ukungu unaoota juu ya majani, kwa hiyo mti hauumii. Nao pia huzaa, lakini huzaa mtoto mmoja mmoja, na mtoto huyo huchukua miaka kadhaa kabla ya yeye mwenyewe kuzaa. Katika ngano za wenyeji wa Hawaii inasemekana konokono hao huimba. Wao wana konokono anayeimba, sisi tuna kinyonga anayegugumiza. Kila jamii na fasihi yake.

Sasa hesabu ni rahisi, hata kwa sisi ambao Hisabati hutupa taabu. Kinyonga anazaa thelathini. Konokono anazaa mmoja. Kinyonga anameza konokono mzima na kombe lake. Katika mwaka wa 2010 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vinyonga waliokamatwa katika milima ya Waianae, kisiwani Oahu. Ndani ya matumbo yao walikuta konokono wa asili, na miongoni mwao hao Achatinella, ambao tangu mwaka wa 1981 serikali ya Marekani imewaweka katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Sitaki kumsingizia kinyonga makosa yote. Haki ni haki. Panya waliofika na meli walikuwa wakiwala konokono hao zamani, kabla ya kinyonga. Na kuna kisa kingine kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Lile konokono kubwa la huku kwetu, ambalo hula mboga shambani hasa mvua ikinyesha, lilipelekwa Hawaii katika mwaka wa 1936. Likawa balaa kwa wakulima. Ili kuliangamiza, katika mwaka wa 1955 serikali ya huko ikaleta konokono mwingine mla nyama kutoka Florida, aje ale lile la kwetu. Huyo mla nyama akaona taabu ya nini kupambana na jitu zima? Akaingia msituni akawala wale wadogo wanaoimba. Dawa ikageuka kuwa ugonjwa wa pili.

Basi maskini konokono wa Oahu walikuwa tayari wamezingirwa na panya na mla nyama. Kinyonga wetu akaja kuongezea. Tarehe 1 Januari 2019 konokono mmoja aliyepewa jina la George alikufa katika maabara huko Hawaii, akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Alikuwa wa mwisho wa aina yake anayejulikana duniani. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Alipungukiwa na umri wangu kwa miaka miwili tu. Watu walikuwa wakisherehekea mwaka mpya, na aina nzima ya kiumbe ilikuwa imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kuna mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliyeniambia, "Wewe nawe! Konokono ni konokono tu. Watu wana njaa, wewe unalilia konokono wa Marekani." Nampenda mwenzangu huyo, lakini hapo sikubaliani naye. Hebu aulize watu wa Baringo juu ya mathenge. Mti ule uliletwa kutoka ng'ambo, ukapandwa huko Baringo katika miaka ya themanini, kwa nia njema kabisa, ili uzuie jangwa na utoe kuni. Leo umefunga malisho na njia, na mbuzi wanaokula maganda yake matamu huharibika meno. Aulize pia wavuvi wa Ziwa Victoria juu ya gugu maji. Ua lake ni zuri la zambarau, nalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Yeyote aliyelipanda kwenye kidimbwi chake alilipenda kwa uzuri wake. Sasa kuna siku mitumbwi haipiti, samaki hawavuliki, na mbu wanapata makao. Je, hiyo ni habari ya Marekani? Ni habari ya sahani ya samaki ya mtoto wa Kisumu. Mwenye kuona Hawaii ni mbali, aone kwamba jambo ni lile lile, tofauti ni kwamba huko mgeni ni wetu.

Na hapa ndipo ninapotaka kuusema ugumu wenyewe. Nilipomsimulia mdogo wangu habari hizi, naye ni wa darasa la sita, aliuliza swali ambalo halikunipa usingizi: "Sasa hao vinyonga wa huko wauawe? Si kosa lao!" Kweli, si kosa lao. Kinyonga hakukata tiketi ya ndege. Hakujua Hawaii iko wapi. Alitolewa tawini mwake, akafungwa ndani ya kasha, akafunguliwa katika nchi nyingine, akafanya lile analolijua, yaani kula na kuzaa. Mdogo wangu akasema warudishwe Kenya. Laiti ingewezekana! Lakini walioko leo ni wajukuu na vilembwe wa wale wa 1972, ni wengi mno, wametawanyika misituni, na ukiwarudisha huenda wakawaletea jamaa zao wa hapa magonjwa waliyoyapata huko. Mlango uliofunguliwa siku moja hauwezi kufungwa kwa miaka hamsini.

Kwa hiyo jibu langu, ingawa linaniuma, ni hili. Pale ambapo kinyonga amefika katika msitu wenye konokono wa asili, sharti aondolewe, hata ikiwa kuondolewa huko ndiko kufa kwake. Aondolewe na wanaohusika, kwa njia isiyomtesa, bila kumchukia. Na mtu wa Hawaii anayekutana naye bustanini anaweza kumshika kwa upole na kumtazama apendavyo, lakini asimhamishe. Asimpeleke kisiwa kingine, asimpe rafiki wa mji mwingine, asimwachie kwenye msitu "akafurahi". Sheria za huko zenyewe zinakataza. Ule upole wa kumbeba na kumwachia mahali pazuri ndio uliowafikisha hapo walipo.

Ama sisi tulioko kwao kinyonga, upole wetu ni mwingine, nao ni rahisi zaidi. Nitaueleza hapa kwa sababu wengi hawajafundishwa, na mtu huogopa asilolijua.

Ukimwona kinyonga tawini, usimnyemelee kutoka juu. Maadui wake wengi, hasa ndege, humjia kutoka juu, na kivuli cha mkono wako atadhani ni mwewe. Mjie kutoka chini au kutoka mbele, polepole. Usimkamate kiunoni ukavuta, maana atashikilia tawi kwa miguu yote na mkia, na unaweza kumvunja kidole au mguu. Weka kidole chako mbele yake, sambamba na tawi, uondoe papara. Mwache achague. Akitaka kupanda atapanda, na utasikia vidole vyake vikikubana kidogo kama mtoto anayekushika mkono sokoni. Akifungua kinywa, akitoa sauti kama ya nyoka, au akigeuka mweusi ghafla, amesema hataki. Mwache. Jike mwenye tumbo kubwa usimguse kabisa. Usikae naye muda mrefu, usimpeleke darasani kuwatisha wasichana au wavulana, usimtie mfukoni. Kisha, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, mrudishe kwenye tawi lile lile ulilomtoa. Si mti wa jirani, si ua wa shule. Tawi lile lile. Ukimkuta barabarani gari linakuja, mvushe upande aliokuwa akielekea, mweke kichakani, nenda zako. Unawe mikono, basi.

Mimi nimewavusha wengi. Mara ya kwanza wenzangu waliniita mchawi. Sasa kuna watatu ambao huvusha pamoja nami, na mmoja wao ndiye aliyekuwa hodari wa mawe.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya mawe, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Muhula uliopita kijijini kwetu alipita mtu tusiyemjua. Alikuwa na pikipiki na maneno matamu. Aliwaambia vijana kwamba atanunua vinyonga wa pembe tatu, hasa madume, na bei aliyoitaja kwa kila mmoja ilikuwa kubwa kuliko ujira wa siku nzima wa kuchuma chai. Hakusema anawapeleka wapi. Sote tulijua ni mbali. Miongoni mwa vijana hao kuna anayedaiwa karo na ambaye alikuwa amefukuzwa nyumbani wiki ile ile. Nilimwona akimtazama yule mtu, nami nikajua anapiga hesabu: vinyonga kumi, vinyonga ishirini, karo imekwisha.

Sitamlaumu. Mwenye njaa haambiwi "subiri" na aliyeshiba. Lakini nilimwambia, na nawaambia wote walio katika hali kama yake, mambo mawili. La kwanza ni sheria. Vinyonga hawa wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, tangu mwaka wa 1977. Nchini mwetu kuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, na kukamata na kuuza mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Yule wa pikipiki akikamatwa atasema hawajui. Atakayepatikana na gunia ni wewe, mwana wa maskini, na karo yako itakuwa faini.

La pili ni lile la 1972. Kila kasha la vinyonga linaloondoka hapa ni mlango unaoweza kufunguliwa mahali fulani na mtu mwenye huruma. Wengi watakufa njiani. Watakaofika watakuwa wamekonda, na mtu mwema atawatoa nje wapate umande. Hatujui ni konokono gani, au ndege gani, au nzi gani wa nchi gani atakayeimba mara ya mwisho kwa sababu sisi tuliuza. Mkono unaopokea noti hapa kijijini umeshika upande mmoja wa kamba, na upande wa pili uko kisiwani. Kijana yule hakuuza. Karo yake ilipatikana baadaye kwa mchango wa jamaa na majirani, shilingi hamsini hamsini, nami naona huo ndio utajiri ambao hauhitaji kasha.

Basi napendekeza nini? Kwanza, chama chetu cha Kiswahili kikusanye hadithi zote za kinyonga kutoka kwa wazee wetu kabla hazijapotea, kizichape humu, na kando ya kila hadithi tuandike ukweli wa mnyama mwenyewe, ili anayecheka hadithi asiokote jiwe. Pili, walimu wa Biolojia watutoe nje ya darasa hata mara moja kwa muhula tukamtazame kinyonga mtini, badala ya kumchora ubaoni tu. Tatu, wazazi na machifu wajue kwamba kuna watu wanaopita vijijini kununua wanyama wadogo wasiosemewa na yeyote. Ndovu ana watetezi duniani kote, na anastahili. Kinyonga ana sisi tu, tunaopita kando ya ua lake kila siku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nne, na hili ni kwa kila mmoja wetu. Siku utakapopata fursa ya kusafiri, na kwa bidii ya masomo wengine wetu watafika hata huko Hawaii, usibebe mbegu, usibebe ua, usibebe mnyama, hata akiwa mzuri namna gani. Na ukikutana na kinyonga wa pembe tatu katika nchi ya watu, mpe kidole chako apande. Msalimie kwa Kiswahili, maana asili yake ni moja na yako. Mwambie pole. Kisha muulize mwenyeji afanye nini naye, wala usijifanye unajua, kwa sababu hapo wewe na yeye nyote ni wageni.

Nafasi niliyopewa imekwisha, na mhariri ameshaninyooshea saa. Asiyekubaliana nami anijibu katika toleo lijalo, nitafurahi kumsoma.